Moyo Uliozibwa kwa Nta

Matonya wa Mkonze hakuwahi kuficha, mambo yalipokwisha, kwamba aliomba kazi kwa daktari wa mifugo ili apate kumuua.

Reli ilikuwa imeshafika Dodoma mwaka ule Mjerumani huyo, Bwana Hartwig, alipokuja kijijini Mkonze na askari wanne, akasema ng'ombe wa pale wana homa ya mapafu. Ng'ombe kumi na mmoja wa mzee Chilewa, baba yake Matonya, wakapigwa risasi mbele ya zizi. Mzee alimkumbatia shingoni yule wa mwisho, jike mweupe mwenye mimba, akawa anaomba. Askari wakambandua, wakamlaza kifudifudi, akachapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kisha daktari akawapasua ng'ombe. Mapafu yote yalikuwa safi. Akafuta kisu chake, akapanda nyumbu, akaenda zake bila kusema neno. Wiki tatu baadaye mzee Chilewa alikufa kwa vidonda vya mgongoni.

Matonya akaenda mjini na kisu kiunoni. Mkalimani wa daktari, mzee mmoja wa mjini aitwaye Rehani, akampatia kazi ya kuosha vioo bila kujua ni mtoto wa nani.

Kilichomzuia mkono ni alichokiona katika chumba cha kazi cha daktari. Daktari alikuwa akivunja mayai yaliyotamiwa, akitoa moyo wa kifaranga ambaye bado hajaumbika sawasawa. Alikata kipande kidogo kuliko punje ya uwele, akakitia katika tone la damu kwenye kisahani cha kioo, akakiweka ndani ya sanduku la joto. Ukikitazama kwa darubini, kile kipande kilikuwa kikidunda. Hakikuwa na mwili, na kilidunda.

"Nikiiweka nyama hai siku kumi nje ya mwili, nitaotesha ugonjwa wa ng'ombe ndani yake," Hartwig alimwambia Rehani. "Jina langu litasomwa Berlin."

Lakini hakuna kipande kilichopita siku ya nne. Daktari aliamini kila chenye uhai kinataka hewa, na hewa nyingi, kwa hiyo kila asubuhi alifunua visahani na kuvipulizia kwa mvukuto. Vipande vikazidi kufa. Akawa hali, hanyoi ndevu, anavisemesha vioo kwa lugha ya kwao. Matonya akakiacha kisu nyumbani. Mtu akichomwa kisu hufa mara moja tu, na huyu alikuwa anakufa kila siku ya nne.

Siku moja, akisafisha sanduku, Matonya alikuta kisahani kilichosahauliwa nyuma kabisa, kimezibwa kwa nta pande zote, hakijafunuliwa hata mara moja. Kwa tarehe iliyoandikwa juu yake, kilikuwa na siku tisa. Alikiweka chini ya darubini, na moyo ulikuwa unadunda taratibu, bila wasiwasi.

Akaelewa papo hapo. Tangu ujana wake alikuwa akiwatoa ng'ombe damu shingoni kwa mshale, na alijua damu itokayo kwenye mshipa ule huwa nyeusi, kisha ikakutana na upepo na kuwa nyekundu. Huko ndani ya nyama hewa haimwagwi. Hufika kidogo kidogo, kila kiungo kikapata chake. Huyu bwana alikuwa anaviua vipande vyake kwa kuvishibisha.

"Umeona chochote, Matonya?" daktari aliuliza jioni ile, macho mekundu.

"Sijaona kitu, bwana. Labda hewa haivitoshi."

Hartwig akaagiza mvukuto wa pili.

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha barua ikaja kutoka kwa wakubwa wake: kazi ifungwe, arudi Ulaya. Asubuhi ya kufunga masanduku, Matonya aliingia na kisahani chake mwenyewe, alichokitengeneza kwa siri na kukiziba kwa nta, akakiweka chini ya darubini.

"Tazama, bwana. Siku ya kumi na sita."

Daktari akatazama. "Umefanyaje? Niambie. Nitakupa unachotaka!"

"Nataka mzee Chilewa wa Mkonze, na ng'ombe kumi na mmoja wenye mapafu safi."

Hartwig alimkodolea macho, na jina lile halikumwambia kitu. Ilibidi Rehani, aliyekuwa akifunga masanduku pembeni na ambaye siku ile ya Mkonze alikuwapo kukalimani, amkumbushe. Kuona jina la baba yake limesahauliwa, Matonya akapandwa na hasira upya. Akakiokota kisahani, akakiangusha sakafuni, akakisaga kwa kisigino mpaka damu ya mguu wake ikachanganyika na ile ya kifaranga. Daktari alipiga magoti akikusanya vipande vya kioo, huku akiita askari.

Matonya naye akala hamsa ishirini. Hakulia. Rehani ndiye aliyemlaza kwake na kumpaka samli.

"Mwanangu, pengine dawa ya ng'ombe wetu ingetoka humo," mzee alimwambia.

"Shida yao ilikuwa dawa, mzee? Ng'ombe wetu walikuwa wazima."

Rehani akaendelea kupaka.

Daktari akaondoka na treni ya wiki ile. Mgongo ulipofunga, Matonya alihamia upande wa Mtera, akaoa, akaanza na mbuzi wawili. Watu walipomuuliza kama moyo wake ulitulia, alisema ulitulia siku ile ile, akikisaga kioo kwa mguu wenye damu. Ila angefurahi zaidi kama yule bwana angelikumbuka jina la mzee Chilewa bila kuambiwa.