Bibi Kerana Hapigwi Picha Peke Yake

Kijana aliposema kwamba kamera yake hupiga picha nyeusi na nyeupe tu, Bibi Kerana aliweka kikombe cha kahawa mezani na kumtazama binti yake. Temenuga akajifanya anatafuta ufunguo ndani ya mkoba.

"Za rangi zimekwisha dukani?" Kerana aliuliza.

"Hapana, bibi." Kijana aliitwa Ognyan, mwalimu mwenzake Temenuga, mwembamba, kamera ya zamani ikimning'inia kifuani. "Hizi nazipenda kwa sababu nazisafisha mwenyewe, bafuni kwangu. Nitakupiga ukitembea mji wa kale, mitaa uliyokulia. Ni zawadi ya Temenuga kwako."

"Siku yangu ya kuzaliwa ilishapita."

"Ni zawadi tu, mama," alisema Temenuga.

Kerana alivaa viatu. Katika mji mzima wa Plovdiv hakuna aliyezijua picha nyeusi na nyeupe kumzidi yeye. Alifiwa na mume Temenuga akiwa bado ananyonya, akaajiriwa kwenye kiduka cha vifaa vya mazishi karibu na soko, na hapo alibaki hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangazo ya msiba, zile karatasi zenye ukingo mweusi zinazobandikwa mlangoni kwa marehemu, kwenye mti wa karibu na kwenye nguzo ya kituo cha basi: juu msalaba, chini jina na umri, katikati uso.

Watu walimletea picha za harusi na za mavuno, naye alikata kichwa cha marehemu kwa mkasi mdogo, na mara nyingi sikio la shemeji lilibaki pembeni. Lakini wako waliokuja mapema, na hao hakuwasahau. Walileta picha safi, iliyopigwa juzi, uso peke yake mbele ya ukuta mtupu. Alipowauliza marehemu amefariki lini, waliinamisha macho. "Bado. Mwenyewe hajui. Daktari ametuambia sisi."

Na wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa hospitali kwa maumivu ya tumbo. Daktari alimwita Temenuga ofisini, akafunga mlango. Temenuga alipotoka alisema, "Vijiwe vya nyongo, mama. Si kitu." Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni vumbi.

Walipita chini ya lango la mawe la Hisar Kapia, nyumba za mbao zikiinamiana juu ya njia hadi zikakaribia kugusana. Mawe yalikuwa yanateleza. Temenuga alimshika mama yake mkono, Kerana akauchomoa. Tangu lini huyu anamshika mkono? Asubuhi alimletea banitsa ya moto, ule mkate wa matabaka, jibini ikichuruzika, yeye ambaye Jumapili haamki kabla ya jua kupanda. Na jana alikubali kwamba Kerana ndiye mwenye haki katika ugomvi wao wa mapazia, ugomvi ambao ulikuwa umezeeka pamoja nao. Mtoto mwenye afya ya akili hakubali hivyo bila sababu.

"Simama hapo, bibi," alisema Ognyan. "Mwanga unakuangukia vizuri."

Kerana alitazama nyuma. Ukuta mweupe, mtupu, bila dirisha wala ua. Kamera ilipolia, alikuwa amegeuka na kuipa kisogo.

"Umegeuka, bibi."

"Nimesikia paka."

Mara ya pili alijaza mashavu upepo. Mara ya tatu alipiga chafya ambayo haikuwa chafya. Ognyan alicheka, Temenuga hakucheka, na jambo hilo nalo Kerana akaliweka moyoni pamoja na mengine.

Kwenye kona walimkuta Mzee Lambo, fundi seremala wa zamani, amekaa kizingitini akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda ndani ya gazeti.

"Lambo, njoo hapa upigwe picha na mimi."

"Leo umenikumbuka? Mwaka mzima salamu zako ni za kuuma na kupuliza."

"Acha maneno. Leta shavu. Bandika hapa. Zaidi."

"Watu watasema, Kerana."

"Waseme. Kwa sura hiyo yako watanionea huruma."

"Bibi," alisema Ognyan, jicho moja likiwa kwenye kamera, "mkibanana hivyo hata wembe haupiti katikati."

"Ndivyo ninavyotaka."

Hapo Temenuga alielewa. Alikulia chini ya meza ya duka lile, akichezea mabaki ya mabega na kofia yaliyodondoka kutoka kwenye mkasi. Rangi ilimtoka usoni. Mzee Lambo alimwangalia binti, akamwangalia mama, akarudi kwenye mbegu zake.

Walipanda hadi kilele cha kilima cha Nebet, penye magofu ya kuta za kale na upepo. Vijana walikuwa wamekaa juu ya mawe wakinywa bia na kutazama mapaa ya mji. Kerana alimgeukia mpiga picha.

"Kijana, huyu alikuambia nini kunihusu?"

"Hakusema kitu, bibi. Aliniomba tu tuwahi Jumapili hii, kwa sababu Jumapili ijayo hutakuwa nyumbani."

"Kumbe. Nitakuwa wapi?"

Ognyan alimtazama Temenuga, akatambua kwamba ameharibu, akaanza kufuta kioo cha kamera ambacho hakikuwa na uchafu.

"Mnataka uso wangu," Kerana alisema. "Sawa. Lakini ni wangu, na siutoi bure. Niambie daktari alisema nini mlango ulipofungwa, nami nitakaa pale mnapotaka."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Wanaangalia mji. Sema, mwanangu."

Temenuga aliketi juu ya jiwe. Alizungumza kwa sauti ndogo, akiyatazama magoti yake. Si vijiwe. Ni uvimbe kwenye kongosho, na madaktari wanataka kumpasua na kuutoa. Atalazwa katikati ya wiki. Lakini kwa umri wake na kwa moyo wake, hawana uhakika kama ataamka.

"Ulitaka kuniambia lini?"

"Baadaye."

"Baadaye lini? Nikishafunguliwa tumbo?"

"Niliogopa ungekataa kwenda."

"Na hii picha?"

"Sikuwaza matangazo, mama. Naapa. Sina picha yako hata moja unayonitazama. Zote umeinamia mkasi."

Kerana alimkagua kama alivyowakagua wale wa dukani, waliokuja na picha mpya na macho ya chini. Huenda ilikuwa kweli. Huenda Temenuga aliyawaza yote mawili usiku uleule, na sasa anaapa kwa lile lililo jepesi kusema. Hakuwa na njia ya kujua.

"Kesho tunarudi kwa daktari," alisema mwishowe. "Ndani nitaingia mimi. Wewe utakaa nje, na mlango nitaufunga mwenyewe. Akiniambia yote, nitajua kama ninalala kwenye kitanda chake au hapana."

"Sawa, mama."

Kerana alifungua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakitia mfukoni. Alikaa kwenye ukuta uliobomoka, peke yake, nyuma yake mbingu tupu. Ognyan alikuwa ameshusha kamera, hajui afanye nini.

"Tumepatana, kijana. Piga."

"Nitazame mimi, bibi."

Hakumtazama. Alimtazama Temenuga aliyesimama ubavuni kwa kijana, kwa jicho lile kali ambalo binti huyo alikuwa akilikwepa tangu asubuhi. Safari hii Temenuga hakulikwepa. Kamera ikalia.

"Ukiisafisha, niletee mimi," Kerana alimwambia Ognyan. "Yeye usimpe. Nikitoka hospitali nitampa kwa mkono wangu."

"Na usipotoka?" Neno lilimponyoka Ognyan, akauma mdomo.

Kerana hakukasirika. Ndilo swali pekee la kweli aliloulizwa wiki nzima.

"Nisipotoka ni yake," alisema. "Afanye nayo anavyotaka."