Mafuta ya Nguruwe Kwenye Gia

Baba aliniagiza nipake grisi kwenye maungio ya gia, chini ya gari letu ambalo limenizidi umri kwa mbali. Grisi ilikuwa imeisha. Jikoni kulikuwa na kopo la mafuta ya nguruwe, meupe, yamegandishwa na baridi ya Njombe, nami nikaona mafuta ni mafuta. Nikapaka bila uchoyo. Siku mbili gia ziliingia kama zenyewe. Baba akanisifia mbele ya wageni, nikazipokea sifa kama mtu aliyezizoea.

Ambaye sikumfikiria ni mbwa wetu. Alihamia chini ya gari. Nilidhani anakimbia upepo.

Jumamosi tukaenda Makambako kuchukua vifaranga wa Mama, wa siku moja, boksi zima. Wale wa kwanza walikufa wote kwa baridi, na Mama alishatuambia kwamba hawa nao wakifa, hafugi tena. Boksi tukalifunga kwenye kiti cha nyuma, kando yangu, kwa mpira wa tyubu.

Tulikuwa katikati ya safari ya kurudi mkono wa gia ulipolegea. Ukawa unazunguka mkononi mwa Baba kama mwiko kwenye uji. Akasogeza gari pembeni, akaingia chini. Ukungu ulikuwa unashuka kwenye mipaini, na lile boksi lililopiga kelele njia nzima likaanza kunyamaza. Mama akaingiza mkono ndani. Kisha akaanza kuwahamisha: wengine kwenye kitenge chake, wengine ndani ya sweta langu la shule. Walikuwa na miguu ya baridi na hawakuwa na adabu hata kidogo.

Baba akatoka na kipande cha mpira kilichochanikachanika. Ndiyo bushi, inayokaza maungio yasicheze. Ilikuwa na alama za meno. Akainusa.

"Mbona hii inanuka nguruwe?"

Nikamwambia labda tulimkanyaga mmoja njiani.

Akaniangalia muda mrefu. Mama hakugeuka hata kidogo.

"Baba watoto, utampiga nyumbani. Sasa hivi amebeba vifaranga wangu."

Baba akafungua ule mpira wa tyubu, akakata ukanda, akauzungushia pale bushi ilipokuwa, akafunga kwa waya. Mimi nikahamia kiti cha dereva nijaribu gia, tumbo likilia pii pii kwa vifaranga.

"Tia mbili," alisema kutoka chini.

"Nimetia."

"Hiyo ni nne, bwana. Toa."

Akakaza tena. Safari hii mbili ikawa mbili.

Nikarudi nyuma, tukaenda taratibu, Baba akibadilisha gia kama anayemvua mtoto aliyelala viatu. Mara kwa mara Mama alinipapasa tumbo kama mkunga, akisikia linasogea anarudisha mkono.

Nyumbani aliwasha jiko la mkaa, akaweka boksi karibu, akaanza kunitoa vifaranga mmoja mmoja. Wote walisimama. Wengine waliyumba kwanza, lakini walisimama, na Mama akaanza kuimba chinichini. Baba alikuwa mlangoni, mikono nyuma, mpole kabisa.

Mama akaniuliza kama wamekwisha.

"Bado mmoja," nikasema. "Amelala, tusimwamshe."