Zamu ya Kumwamsha Kinyozi

Kinyozi wetu alikuwa analala kazini, na simaanishi kusinzia. Kusinzia anasinzia hata hakimu. Huyu alilala akiwa amesimama, mkasi mkononi, katikati ya kichwa cha mtu, na kabla hujageuza shingo ameshaanza kukoroma mpaka chupa za spiriti zinagongana kwenye rafu. Tukamwita Jenereta. Jina hilo hakulipenda, ila kila alipotaka kulipinga usingizi ulimwahi.

Mwenye akili atauliza kwa nini hatukuhama. Mtaani kwetu kuna vinyozi wengine wawili, wana viti vya kuzunguka na wako macho kutwa nzima. Sina jibu la kumridhisha mwenye akili. Jenereta alikuwa na mkono mwepesi katika zile dakika chache alizokuwa nasi, na benchi lake lilikuwa refu, lenye nafasi ya watu saba. Sisi saba tulikuwa hatukosi. Mimi nilikaa mwanzo wa benchi, karibu na ufagio. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha viatu kwa miaka thelathini na moja, na ingawa nimestaafu bado wananiita Karani.

Kukoroma kwenyewe hakukuwa na shida. Shida ilikuwa pale mkoromo unapokatika. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya, hewa haiingii wala haitoki, mpaka aliye kwenye kiti anaona kwenye kioo midomo ya kinyozi wake inapauka. Kisha anashtuka, anavuta pumzi moja ya kuogofya, na anaendelea kunyoa pale alipoishia bila kujua lolote. Siku moja kile kimya kilizidi. Fundi cherehani aliyekuwa kwenye kiti, shavu moja lina povu na wembe uko kooni, akaanza kusali kwa sauti. Mimi nikashika mpini wa ufagio nikamdunga Jenereta mbavuni. Akavuta pumzi.

Jioni ile nilitunga sheria, maana pasipo na sheria watu hudungana ovyo. Anayekaa mwanzo wa benchi ndiye mwenye zamu. Mkoromo ukikatika anahesabu hadi kumi. Akifika kumi bila kusikia kitu, mpini. Aliye kwenye kiti hatikisiki. Na kila mdungo unaandikwa kwenye daftari, saa na dakika, kwa wino. Wenzangu walinicheka kuhusu wino, lakini stoo haiandikwi kwa penseli.

Tuliishi hivyo miaka minane. Wapo waliotoka pale na ndevu upande mmoja, yupo aliyeoa akiwa hivyo, na hakuna aliyelalamika. Kinyozi alikuwa hai kwa sababu yetu, na sitaficha, jambo hilo lilinipa kichwa. Asubuhi nilikuwa naamka nikijua kuna mtu atakufa nisipotoka nyumbani.

Aliyetuharibia mambo ni mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji. Yeye alikuwa na zamu ya nyumbani, anatumia kiwiko, na alikuwa amechoka. Akampeleka mumewe hospitali kwa daktari wa koo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mkuu wa shule. Kwanza alimpa mashine ya kusukuma hewa, yenye barakoa ya kuvaa usoni wakati wa kulala. Jenereta aliing'oa kila siku bila kuamka, na mara moja Shemeji aliikuta ndani ya sufuria. Miezi mitano ikaenda hivyo. Mwishowe daktari akamlaza kwa dawa, akapitisha kamera nyembamba puani, akatazama koo linavyojifunga lenyewe mtu akilala.

"Hapa ni kisu," akasema. "Mafindofindo yake ni makubwa mno, na nyama ya nyuma ya kaakaa inalegea inaziba njia. Nitayatoa, nitapunguza ile nyama na kimio, kile kinachoning'inia kooni, nitaishona vizuri. Tusipofanya, siku moja atakata pumzi na hazitarudi."

"Daktari, na sisi je?" nikauliza, maana nilikuwa nimewasindikiza.

"Ninyi nani?"

Nikaona hapa hakuna wa kueleweshwa.

Upasuaji ulikwenda salama. Kwa wiki mbili Jenereta alikula vitu laini vilivyopoa, alizungumzia puani, na akinywa maji kwa pupa yalimtokea puani. Duka lilifungwa. Tulilibeba benchi tukaliweka kwenye kibaraza chake, tukakaa, tukisubiri nini sijui. Mimi nilikuwa na hofu mbili, nazo zilipigana ndani yangu kutwa. Niliogopa asipone. Na niliogopa apone, kwa sababu akipona mimi asubuhi nitakwenda wapi?

Miezi mitatu baadaye daktari akataka kujua kama kazi yake imefaa. Akawapa kifaa cha kwenda nacho nyumbani: mkanda wa kifuani, kibanio cha kidoleni na mrija mdogo wa puani, avae usiku mmoja, kifaa kiandike kila kitu. Shemeji akanijia uso umemshuka.

"Shemeji Karani, naogopa. Siku hizi hakoromi kabisa. Amelala kama hayupo. Mimi peke yangu siwezi usiku huo."

"Hutakuwa peke yako," nikamwambia.

Nikapanga zamu. Wazee saba walivua viatu kwenye sebule ya watu, kila mmoja na saa yake moja chumbani, kwenye kigoda nyuma ya kichwa cha kitanda, ufagio mapajani. Wa kwanza nilikuwa mimi. Jenereta akafumba macho. Nikatega sikio. Kimya. Nikahesabu hadi kumi. Kimya. Nikamdunga.

"Nini?" akasema.

"Umenyamaza. Lala."

Akalala. Moja, mbili, tatu, hadi kumi. Mpini.

Wewe unayesoma umeshaelewa, na unanidharau. Ningekuwa wewe, mimi pia ningenidharau. Lakini kwa miaka minane tulikuwa tumekaa nyuma ya mtu huyu, hatujawahi hata siku moja kumtazama kifua. Tulimjua kwa masikio. Sheria ilisema mkoromo ukikosekana dunga, na sheria niliiandika mwenyewe, kwa wino. Haikuingia akilini mwa hata mmoja wetu kwamba kuna binadamu wanaopumua bila kelele, ingawa sote saba tulikuwa tukipumua hivyo hivyo pale pale. Kulipokucha tulikuwa tumemdunga mara mia mbili na kumi na moja. Tukashikana mikono. Tulijiona tumempitisha mtu kwenye tundu la sindano.

Wiki iliyofuata tuliitwa hospitali, Jenereta, Shemeji na mimi. Jenereta alikuwa na macho mekundu na mbavu zinamuuma. Daktari alitandaza karatasi ndefu yenye mistari iliyopanda na kushuka, akaitazama muda mrefu.

"Sielewi," akasema. "Koo nimelikagua, limepona, liko wazi. Lakini hapa anashtuka mara thelathini kwa saa. Kila akishtuka anabana pumzi. Kwa namba hizi sina ujanja, itabidi tuzungumzie taya."

"Taya limefanya nini?" Shemeji akauliza.

"Tunalikata, la juu na la chini, tunalisogeza mbele, tunalifunga kwa vipande vya chuma ili koo lipanuke. Ni upasuaji mkubwa kuliko ule wa kwanza. Wengine huamka na ganzi ya mdomo isiyoisha."

Shemeji akaanza kulia. Jenereta akajishika kidevu kwa mikono miwili, akasema polepole, "Kata tu, daktari. Mimi nimechoka."

Daktari akachukua kalamu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilielewa alipotamka mara thelathini, kwa sababu ile hesabu nilikuwa nayo mfukoni mwa koti. Nikaitazama kalamu ikianza kuandika na nikanyamaza, na aibu ya kile kimya ninayo hadi sasa. Nikisema, sitakuwa mtu aliyemwokoa kinyozi. Nitakuwa mzee mmoja mwenye ufagio.

"Daktari," nikasema, "ni sisi."

"Ninyi nini?"

Nikatoa daftari. Akalilaza kando ya karatasi yake, akaweka kidole huku na kidole kule. Saa nne na dakika kumi na mbili, mdungo. Kwenye karatasi, mstari umeruka. Saa nne na dakika kumi na nne, mdungo, mstari umeruka. Alishuka ukurasa mzima bila kukosa hata mmoja. Kisha akaweka miwani mezani.

"Katika maisha yangu ya udaktari," akasema, "sijaona rekodi safi kama hii. Wala ya kijinga kama hii. Wewe ni nani wake?"

"Mteja wake."

Akanitazama kichwa. Sina nywele tangu nikiwa na miaka arobaini, na ndevu sikuwahi kuota.

"Mteja wa nini?" akauliza.

Shemeji alikuwa amekoma kulia, sasa ananitazama kwa jicho ambalo nilistahili. Jenereta alijipapasa mbavu.

Kipimo kikarudiwa. Safari hii daktari aliandika kwa mkono wake, Shemeji akabandika mlangoni: MGONJWA ASIGUSWE NA MTU YEYOTE. Ufagio ulipelekwa kwa jirani. Matokeo yakaja: mara tatu kwa saa, kama mtu yeyote wa umri wake. Taya likabaki mahali pake.

Duka likafunguliwa. Jenereta alinyoa wanne kabla jua halijapanda, wote pande zote mbili. Mteja anaketi, anainuka, anakwenda zake, na wenzangu wa benchi wakakuta kwamba mtu aliyekwisha kunyolewa hana cha kusubiri. Mmoja akakumbuka ana kuku, mwingine ana mjukuu. Ilipofika saa nne tulibaki wawili, yeye na mimi. Nikainuka nami, nikatafuta kofia yangu.

"Karani," akasema, "unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kuna nani nyumbani?"

Miaka minane nilikuwa nimehesabu pumzi za mtu huyu, na hakuwahi kuniuliza neno, kwa kuwa hakuwahi kuwa macho kiasi hicho. Nikasema hakuna mtu. Nikasema mke wangu alifariki mwaka ule nilipostaafu, alikata pumzi usingizini, nami nilikuwa nimelala pembeni yake, sikusikia kitu.

Jenereta akavuta kiti cha kunyolea, akakigeuza kikanielekea, akakaa.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza.

Nikamweleza. Nilianza na siku tuliyokutana kiwandani, nikaenda hivyo hivyo, sikuruka mwaka. Wateja walichungulia wakaondoka. Nilizungumza hadi saa saba mchana, na hakulala.