Ruphin anavua buti ili Bijou asisimame

Saa moja asubuhi, Ruphin Mwaba anavua buti zake nje ya lango la kliniki ndogo ya mifugo, Kamalondo, Lubumbashi. Anaziweka pembeni, moja kando ya mwenzake, kisha anaingia pekupeku. Kirungu chake amekikumbatia kisije kikagonga ukuta.

Ruphin ni mlinzi, sentinelle kama wasemavyo huku. Ndani amelala Bijou, mbwa mweusi kama makaa, anayelinda naye ghala la mahindi mwaka wa sita sasa. Juzi alianguka kazini, fizi zimekuwa nyeupe kama unga. Daktari alikuta uvimbe kwenye bandama umepasuka na kuvuja damu, akaiondoa bandama yote.

"Nilizani mambo imeisha," anasema Ruphin.

Kumbe uvimbe wa namna hiyo huvuruga hata mapigo ya moyo, na siku za mwanzo baada ya upasuaji ndizo za kuogopwa.

Jana akakosea. Kila jioni hugonga lango la ghala kwa kirungu, ndivyo anavyomwita Bijou kazini. Hapa kliniki nako akagonga lango vilevile, mkono umezoea. Bijou akasimama na mrija wa dawa mguuni, moyo ukatoka mbio, miguu ikamwishia nguvu, akaanguka.

Leo Constance Kangwa, muuguzi wa wanyama, anampokea kwa sauti ya chini.

"Papa Ruphin, haukugonga?"

"Hapana, Mama. Hata buti nimeacha inje."

"Hii imbwa iko kama muke yako ya pili."

"Muke yangu naye anasema vile."

Constance anaweka kipimo kifuani mwa Bijou. Anasikiliza, anasikiliza. Ruphin anamtazama midomo tu.

"Inapiga, inapiga, inaruka," anasema Constance. "Usiku ilikuwa inaruka sana. Sasa kidogo."

"Na ile nyama walikata?"

"Iko ku maabara, majibu bado. Pengine ni ugonjwa mubaya, pengine hapana. Tungojee."

Ruphin anachuchumaa mlangoni, hamgusi. Mkia wa Bijou unafagia sakafu kidogo, kisha unatulia. Constance anamwonyesha kwa kidole: toka.

"Akipona, zamu yake imeisha," Ruphin ananong'ona uani. "Atalala mu jikoni, karibu na moto. Na miye nitajifunza kuingia kwangu bila kugonga."

Anaokota buti zake. Anazibeba mkononi hadi kona ya barabara, ndipo anazivaa.