Kunywa Kwanza, Wifi

Mwanamke tunayemwita Swichi hakuzaliwa na jina hilo, ila sasa hata mumewe akimwita jingine hageuki. Ndiye anayeendesha mtambo wa maji wa mtaa wetu, kibanda cha mabati chenye makasha mawili na nyaya kama utumbo wa mbuzi. Nikisubiri ndoo yangu humuuliza hili na lile, naye hachoki kunijibu. Mzee asiye na kazi, kazi yake ni maswali.

Kisima chetu kina balaa mbili: chumvi, na uchafu wa rangi unaopenya ardhini kutoka kwa watia rangi vitambaa huko juu. Kasha la kwanza lina mabamba ya chuma yanayopitisha umeme majini, na umeme huo huivunjavunja rangi hadi maji yanatoka meupe, yananuka dawa ya kufulia. Yakipita kwenye mkaa, harufu inakwisha. Kasha la pili lina tando nyembamba zilizopangwa kama kurasa. Humo umeme huivuta chumvi ivuke tando, njia moja ibaki na maji matamu, ya jirani yake ibebe chumvi kwenda mferejini.

Sasa tando hizo hushika ukoko kama sufuria. Dawa yake ni kugeuza umeme, ulioingilia kulia uingilie kushoto, na ukoko unabanduka. Lakini hapo na njia zinabadilishana: iliyokuwa tamu inakuwa ya chumvi. Kwa hiyo ni lazima ugeuze na koki mbili, ili bomba la kukingia lipate maji matamu. Zamani koki zilijigeuza zenyewe. Zilipokufa, Swichi akawa anazigeuza kwa mkono.

Asubuhi ile aligeuza umeme. Kabla hajashika koki, akasikia ugomvi kwenye foleni, akatoka kuamua.

Aliyeleta ugomvi ni wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyu alikuwa analea mjukuu mchanga wa kunyonya chupa ya maziwa ya unga, mama wa mtoto akiwa amelazwa hospitali. Maji ya Swichi alikuwa hayataki kabisa. Ila ya kisimani yalimharibu mtoto tumbo, na Swichi akambembeleza hadi ulimi ukamkauka. Leo ndiyo kwanza anakuja, na amekwenda moja kwa moja mbele.

"Mpisheni, ana mtoto wa chupa," Swichi akasema.

"Nimekuja kwa ajili ya mjukuu," wifi akajibu. "Siku mtu akipigwa shoti na kikombe cha chai, mtaniita nije kucheka."

"Kinga, wifi. Maji haya hayana neno."

Wifi akakinga, akaondoka. Akafuata mwashi, na wengine wawili watatu. Chai ya kuchemka ilikuwa haijapoa mwashi aliporudi na kikombe mkononi.

"Swichi, nimepika chai nimepata mchuzi. Umesahau nyama tu."

Watu wakacheka. Swichi akachukua kikombe, akaonja, akazitazama koki. Zilikuwa bado zimeelekea kule kule kwa jana. Akazima umeme.

"Mtu mzima atatema," akasema, si kwa yeyote. "Yule hajui kutema."

Akakimbia. Ndala moja ilibaki njiani, nikaiokota, nikamfuata kwa mwendo wangu.

Nilimkuta anagonga mlango wa wifi. Ndani redio ilikuwa inaimba kwa nguvu.

"Wifi, fungua."

"Subiri, namnywesha."

"Mtoe chupa mdomoni."

"Amri zako ni za kibandani. Hapa ni kwangu."

Swichi akaweka paji la uso kwenye mlango. "Wifi, nimekosea. Nimekupa maji ya chumvi. Mtoe, nakuomba."

Redio ikazimwa. Komeo likavutwa. Chupa ilikuwa imepungua kama robo. Wifi alidondosha maziwa kwenye kiganja, akalamba, akabana midomo. Akambeba mtoto, akatangulia zahanati, nasi nyuma yake.

Huko muuguzi alimpima mtoto, akamchanganyia maziwa mapya kwa maji ya zahanati. "Hakunywa mengi. Mpeni haya kidogo kidogo. Akikojoa vizuri, tutapumua."

Tukakaa kwenye benchi, wifi huku, Swichi kule, mimi katikati na ndala yangu ya kuokota. Nepi ilikuwa kavu. Wifi akaigusa tena, kavu.

"Mbona analala hivi?" akauliza, akimfinya unyayo taratibu.

"Ni mtoto, mama," muuguzi akasema. Lakini naye alirudi kumtazama, akarudi tena. Kila aliporudi, Swichi alishika ukingo wa benchi.

Jua lilihama ukuta. Mikono ya wifi ikachoka, akageuka.

"Mshike." Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu mlangoni.

Swichi akampakata kama mtu aliyepewa yai. Kisha nikaona macho yake yanashuka mapajani.

"Wifi."

"Nini?"

"Amenilowesha."

Wifi hakuamini kwa maneno. Akanyoosha mkono, akaipapasa kanga ya Swichi, pote palipolowa, mpaka pindoni. Ndipo akageukia ukuta, na mabega yakamtikisika.

Siku hizi pembeni ya bomba pananing'inia kikombe cha bati. Swichi akishageuza umeme na koki zake, hukinga, akanywa mbele ya foleni nzima. Wengine tulishazoea, hatutazami hata. Wifi yeye hutazama. Husimama mbele, ndoo bado iko ubavuni, mtoto mgongoni ananyonya ncha ya mbeleko.

"Kunywa kwanza, wifi."

Swichi hunywa mpaka tone la mwisho, akakipindua kikombe chini ili wifi aone. Ndipo ndoo inawekwa.