Samaki Niliowabadilisha kwa Zaina

Mwanangu, kabla hujaenda mtoni na hiyo bokali, chupa pana ya kioo ya kufugia samaki, uliyonunua sokoni, keti kwanza. Nakumbuka siku moja marehemu mume wangu alirudi hapa Kasongo na bokali mbili kama hiyo, moja yangu, moja ya mke mwenzangu Zaina. Sisi wa mitala ndivyo tulivyozoea: kitenge kwa kitenge, sabuni kwa sabuni, asilalamike mtu.

Kesho yake akaleta samaki. Zaina akapewa tilapia mzima wa mto Lualaba, mpana kama kiganja, magamba yanang'aa. Mimi nikapewa visamaki vitatu vya kijitoni, vidogo hata paka asingevitamani. Wivu ulinishika, mwanangu. Kila jioni baada ya swala mume wetu alikuwa anachagua baraza ya kukaa, yangu au ya Zaina, na nilijua atamfuata yule tilapia.

Nikaenda kwa Zaina, nikamwambia haki ya wake iko wapi, tubadilishane. Nilitaka akatae, nipate la kumsema. Hakukataa.

"Kamata, dada," alisema. "Lakini huyu iko mukubwa, na bokali zetu ziko sawasawa."

Nikaona ananionea gere. Nikabeba tilapia wangu kwa maringo, nikamwekea ugali mwingi ili anenepe zaidi. Maji yakachafuka, akawa anahema juujuu, hana hata pa kugeukia. Asubuhi ya pili nikamkuta ameelea tumbo juu. Kwa Zaina, vile visamaki vilikuwa vinacheza kwenye majani aliyoyatia majini.

Nikamwendea mume wangu na hasira zangu zote, kwamba anampendelea mke mdogo. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Yule mukubwa, Zaina alimulilia, nikamupa," alisema. "Wale wadogo nilikuchagulia mimi mwenyewe, sababu bokali iko kidogo. Nilitaka wako waishi."

Jioni hiyo alikaa kwa Zaina, nami nikawa nachungulia mlangoni samaki wangu wakicheza kwenye nyumba ya mwingine. Zaina na mimi sasa ni wazee, tunachangia hata chumvi, lakini nikiwakumbuka wale watatu roho bado inanichoma.

Basi, mwanangu, angalia bokali yako, usiangalie ya jirani. Chukua samaki ambaye hata akikua atabaki mdogo, na uchukue wachache. Watoto wa tilapia waache mtoni, maana watakua. Chakula kiwe chembe tu, maji uyapunguze na kuongeza mapya kidogo kidogo. Na mtu akikuchagulia kitu, muulize kwanza kwa nini, ndipo unune.

Mungu akupe nyumba yenye utulivu, na macho ya kukitambua kilicho chako kingali mkononi mwako.