Ukurasa Uliosema Yote

Ramlah hutengeneza tovuti hapa Bugembe, Jinja, kando ya barabara kuu ya kwenda Iganga, katika chumba kilichopakana na changu cha ushonaji. Ni Mnubi. Babu yake alikuwa askari, na kwao Kiswahili kilizungumzwa bila aibu hata miaka ile majirani walipokikunjia uso. Ni mcheshi, ana huruma iliyopita kiasi, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza.

Kule Malukhu, Mbale, kuna ofisi inayowasaidia wanawake waliokimbia vipigo. Ramlah aliitengenezea tovuti bure, kwa sababu mmoja wa wanawake hao alikuwa Nusifa, binti wa mama yake mdogo, aliyelelewa pamoja naye. Kila mwanamke alifichwa kwa familia fulani, na mahali alipo paliwekwa ndani ya tovuti ili wasimamizi tu wapaone.

Programu anayoitumia Ramlah huja na mpangilio mmoja ukiwa tayari umewashwa: ikikwama, inaonyesha kwenye skrini kila ilichokuwa imekishika, hata taarifa za siri, ili fundi alione kosa. Kabla ya kuifungulia dunia, unatakiwa uuzime. Waliobuni hivyo wananikera mpaka leo. Nani anakuuzia kitasa kisichofungwa, halafu anatarajia ukumbuke mwenyewe? Ila Ramlah hakusahau. Aliuacha kwa makusudi, kwa kuwa Mbale ni mbali, na Gorreti, msimamizi wa ofisi ile, hakujua kueleza kosa lilivyo.

"Dada, hii kitu imekataa tena," Gorreti alikuwa akipiga simu.

"Piga picha ya skrini, tuma WhatsApp."

"Imejaa maandishi mingi, mimi sielewi."

"Usielewe. Wewe tuma tu. Nikizima hiyo, utaniambia nini?"

Walizoea hivyo, na kazi ilikwenda. Mimi mwenyewe niliwasikia nikiwa kwenye cherehani yangu, nikaona ni werevu.

Ukasha, mume wa Nusifa, alikuwa akimtafuta mkewe kila kona. Akaifungua tovuti ya ofisi ile kwenye simu yake, akaingia sehemu ya kuomba msaada, akaandika jina la mkewe mahali palipotakiwa tarehe. Programu ikakwama, ikamwaga kila kitu mbele yake: majina, namba za simu, mitaa. Hakuwa mjuzi wa kompyuta. Alisoma tu.

Alimkuta Nusifa upande wa viwanda wa Mbale, akianua nguo uani. Alimvunja mkono na mbavu kabla majirani hawajamwahi. Polisi walimkamata, ndugu zake wakamtoa kwa dhamana.

Ramlah aliuzima mpangilio ule mara tu habari ilipofika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alibadilisha neno moja, moja tu, na nikaona vibaya hata kumtazama usoni. Wale wanawake wengine wote ilibidi wahamishwe. Kisha tukaenda Mbale, mimi na yeye, mpaka wodini.

Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, dada. Nimeshafunga. Sasa hakuna mtu anaona."

"Nimekusamehe," Nusifa alisema polepole, kwa sababu ya mbavu. "Lakini Ukasha ametoka. Mimi nitaenda mbali."

"Wapi? Niambie, nitakuletea nguo."

Nusifa alimtazama. Hakuwa na hasira, na nilitamani angekuwa nayo.

"Ramlah, wewe sikuambii."

Aliondoka kabla mkono haujapona. Hajaonekana Jinja wala Mbale. Mara chache humpigia mama yake kwa simu za kuazima, na mama huyo anaishi hapa Bugembe, nyumba moja na Ramlah. Simu ikilia na namba ikawa ngeni, Ramlah huinuka mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akatoka nje na kuufunga mlango.